Projekta moja, wanafunzi 74: picha itangulie au jaribio?

Mwalimu wa Darasa la Nne, Moshi Vijijini
Ndugu walimu, naomba ushauri. Shule yetu ina projekta moja, nami nina kishikwambi, miongoni mwa vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi wangu 74 video ya mzunguko wa maji, iliyochukua dakika 18 za kipindi. Walitulia kuliko siku zote, nikaamini wameelewa; lakini kesho yake nilipouliza mvua hutoka wapi, wengi walinisimulia theluji waliyoiona ukutani, na watatu tu ndio waliotaja mvuke. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa shule ya msingi, Arusha
Pole, Mwalimu. Dakika 18 ni nyingi mno kwa mtoto asiye na swali la kutafutia jibu. Mimi hupakua video nikiwa nyumbani, nikachagua kipande cha dakika tatu, nikazima sauti na kusimulia mwenyewe, kwa kuwa nyingi zimesimuliwa kwa Kiingereza ilhali sisi tunafundisha kwa Kiswahili. Swali huliandika ubaoni kabla ya kuanza, na katikati husimamisha picha ili watabiri kitakachofuata. Ukifungua kitabu cha kiada katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mchoro mmoja uliokuzwa ukutani huwaepusha watoto kugombania nakala chache zilizopo.

Mwalimu mstaafu, Moshi
Mwanangu, hayo ya mwenzako ni kweli, ila mimi ningeanza na sufuria la uji. Mwombe mpishi wa shule mfuniko uliopoa, uushike juu ya maji yanayochemka, watoto waone matone yakijikusanya na kudondoka. Kisha watoke nje wautazame mlima wakati mawingu yameuzingira. Hiyo theluji waliyoitaja usiipuuze, maana barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, wanaiona kwa macho yao. Waeleze tu kwamba maji ya mito na ya mifongo, yaani mifereji ya asili waliyochimba wazee wetu, hutokana zaidi na mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani kuliko na barafu hiyo, na kwamba maji hayo huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako huzalisha umeme. Hapo ndipo uwashe projekta, iwaonyeshe yale ambayo jicho haliwezi kuyafikia, kama maji yanavyopenya ardhini na kutokea tena kwenye chemchemi.

Mwalimu wa Darasa la Nne, Moshi Vijijini
Shikamoo, Mwalimu. Nimeona nilipoteleza: niliwapa picha kabla hawajawa na jambo la kuulizia. Linalonitatiza sasa ni kwamba watoto 74 hawawezi kulizunguka sufuria moja la moto kwa usalama.

Mwalimu mstaafu, Moshi
Marahaba. Basi kila kundi la watoto wanane au tisa lilete chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, watie maji kidogo, waifunge vizuri na kuiacha juani tangu asubuhi. Kufikia mapumziko matone yatakuwa yameshikamana ndani ya chupa, na kila mtoto atakuwa ameyaona kwa karibu, hata siku ambayo umeme umekatika.