Naomba ushauri: namna ya kusoma viwango vya udahili vya vyuo vikuu teule vya Marekani

Ndugu wanachama, habari zenu. Ninamsaidia mdogo wangu, ambaye si raia wa Marekani, kuchagua vyuo vikuu vya kuomba huko kwa shahada ya kwanza, na takwimu za udahili zimenitatiza. Harvard hudahili takriban asilimia 4 tu ya waombaji, lakini kiwango hicho kinajumlisha wanamichezo wanaotafutwa na makocha, watoto wa wahitimu wa chuo hicho na waombaji wa kawaida, hivyo sioni kama kinamhusu moja kwa moja. MIT, ambayo kwa jumla huchukua chini ya asilimia 5, hutangaza waziwazi takwimu za waombaji wa kigeni, ambao kiwango chao ni takriban asilimia 2 tu. Nimepitia ripoti za vyuo vingine kadhaa bila kuona mchanganuo wa aina hiyo.

Naomba kuuliza: pale ambapo chuo hakitoi mchanganuo, mnakadiriaje nafasi ya mwombaji wa kigeni anayehitaji ufadhili? Na je, kiwango kikubwa cha udahili cha awamu ya mapema (ya wanaotuma maombi kabla ya muda wa kawaida) kinamwongezea kweli nafasi, au kinatokana zaidi na hao wanamichezo?