NIMEFUKUZWA SEBULENI KWANGU MWENYEWE ETI NINA GUNDU!!!

Wakuu naandika huku mkono unatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia.

Yule jamaa, mnamjua, msijifanye hammjui, yule wa jezi isiyofuliwa, leo amenitoa nje. Nje ya wapi? Nje ya KWANGU. Sebule yangu, tv yangu, king'amuzi nalipia mimi, hata kochi alilokalia bado nadaiwa. Dakika ya 88 tuko nyuma moja bila, jamaa anasimama, anapunguza sauti ya tv yangu, ananikazia macho kama refa aliyetoka kuangalia VAR, anasema "Ndugu zangu tusidanganyane, tangu huyu arudi kutoka chooni mpira umetukataa. Atoke."

Atoke!!

Nikacheka nikijua utani. Nimecheka peke yangu. Kumbe tangu mapumziko walishakaa kikao, kamati ya ufundi imeundwa juu ya kochi langu na mimi mwenye kochi sina taarifa. Mmoja akanishika bega kwa upole kama ananipeleka msibani, "kaka, kidogo tu, tukisawazisha unarudi." Kufumba na kufumbua niko barazani na soksi mguu mmoja.

Sijakaa vizuri nasikia GOOOOO. Bao la timu yangu nimelisikilizia dirishani kwangu kama mwizi! Nagonga mlango na mimi nikashangilie, jamaa anachungulia kwenye pazia, pazia nililonunua mimi, ananiambia "kaa hukohuko ulete la pili." Halafu nikasikia komeo. KOMEO wakuu. Amenifungia komeo.

Na la pili likaja, dakika za nyongeza, mimi niko nje nahesabu mbu.

Sasa wanasema mechi ijayo nisiwepo kabisa, niwaachie ufunguo. Mtu ambaye tangu msimu uanze anakalia kona ileile ya kochi, tukifungwa anageuza jezi ndani nje, ikipigwa penalti anaangalia ukuta, na ukisema "hii tumeshinda" kabla ya filimbi anataka kukupiga, huyo ndiye mtaalamu, mimi ndio nuksi. Hata ofsaidi hajui! Na komeo akafunga!

Beki Tatu: Kwanza hongera kwa ushindi. Pili tuwe wakweli mkuu, ukiwa ndani 0-1, ukiwa nje 2-0. Hata kocha angekufanyia sub.

Mama Kona: Nimecheka mpaka mume kaamka 😂😂 soksi mguu mmoja! Ile nyingine ilikuwa wapi kaka?

Mtoa mada: Dada usicheke, ilibaki ndani, alikuwa ameikalia. Nilipoiomba akasema isiguswe mpaka filimbi.

Beki Tatu: Umeona? Anajua anachofanya huyo.

Upara Mtakatifu: Nyie mnaona mchezo. Kombe la Dunia 1998, beki wa Ufaransa Laurent Blanc alikuwa anambusu kipa wao Barthez upara kabla ya mechi, wakabeba kombe, fainali Brazil kala tatu bila. 2002 Blanc kashastaafu timu ya taifa, hakuna wa kubusu upara, bingwa mtetezi kaondoka kwenye makundi hana hata bao MOJA. Mwenye masikio na asikie.

Kiungo Mkabaji: Nyota wao Zidane alikuwa majeruhi ndugu, upara umeingiaje hapo.

Upara Mtakatifu: Zidane naye alikuwa na upara. Hoja yangu imezidi kupata nguvu.

Mwalimu Ofsaidi: Mambo mengine ni sayansi tu. Mwanasaikolojia Skinner mwaka 1948 aliweka njiwa wenye njaa kwenye vizimba, chakula kinadondoka kila baada ya muda fulani wafanye wasifanye kitu. Njiwa wakaanza vituko, mmoja anajizungusha, mwingine anabembeza kichwa, kila mmoja akiamini kituko chake ndicho kinachodondosha msosi. Jamaa yenu ni huyo njiwa.

Mtoa mada: Asante mwalimu. Ila njiwa wa Skinner hawakumfungia Skinner komeo!

Beki Tatu: Kama bao lilidondoka basi njiwa yuko sahihi.

Kipa Namba 13: Mtoa mada shukuru ulitolewa kwa upole. Goycochea, kipa wa Argentina Kombe la Dunia 1990, kabla ya penalti za matuta na Yugoslavia alibanwa akakojoa hapohapo uwanjani, wakashinda. Nusu fainali na Italia matuta tena, akarudia makusudi, wakashinda. Fainali Mjerumani akapata penalti dakika ya 85, jamaa hakupata nafasi ya kukojoa, kombe likaondoka. Angekuwa sebuleni kwako sijui ungeandika nini.

Mama Kona: Kochi bado linadaiwa jamani 😭😂

Winga Teleza: Mmenikumbusha Kolo Touré, beki wa Arsenal. Alikuwa lazima awe wa mwisho kutoka vyumbani. 2009 Arsenal na Roma, beki mwenzake Gallas anatibiwa wakati wa mapumziko, Touré akamsubiri, timu imeanza kipindi cha pili watu tisa. Akakimbilia uwanjani bila ruhusa ya refa, akalambwa njano. Sasa hiyo ni bahati au ni mkosi?

Kiungo Mkabaji: Ni foleni.

Mke wa Mchezaji: Nyie mna shida ndogo sana. Mimi wangu hataki jezi ifuliwe mpaka wafungwe. Na msimu huu hawafungwi! Ile jezi sasa inasimama yenyewe. Nimeiloweka kwa siri, kaja kunusa, kagundua, hatuongei. Ananiambia Serena Williams wa tenisi alikuwa habadilishi soksi akiwa anashinda, mashindano mazima soksi zilezile. Nikamwambia lete basi na hela za Serena.

Winga Teleza: Dada omba wafungwe tu, hakuna namna.

Mke wa Mchezaji: Naomba kila wiki. Mungu naye ni shabiki wao.

Straika Mstaafu: Jezi ni nini bwana. Sisi kocha wetu, simtaji na anajijua, alitukataza kupita getini siku ya fainali eti wapinzani wametega. Geti liko wazi, mlinzi anatukaribisha, timu nzima tunaruka ukuta na mabegi. Kipa wetu wa kutegemewa katua vibaya kifundo kikageuka kama bomba. Beki kakaa golini, tumekula sita. SITA. Baadaye kocha anasema tungepita getini zingekuwa kumi.

Kipa Namba 13: Kipa kuumia kabla ya filimbi ni uonevu. Apone haraka.

Straika Mstaafu: Ilikuwa zamani mkuu, ana wajukuu.

Mtoa mada: Wakuu naona tumehama mada. Komeo langu je?

Upara Mtakatifu: Hili jambo la ukuta ni zito, mtoa komeo anzisha uzi wako.

Jirani Mwema: Mimi adui yangu wala haamini uchawi. Ni jirani, mawimbi yake yanawahi kuliko yangu. Mpira uko katikati ya uwanja kwangu, yeye kashashangilia. Juzi penalti, mpigaji bado anapanga mpira nikasikia "AAAAGH" ukutani. Nikakaa naangalia mtu anayekwenda kukosa.

Mke wa Mchezaji: Huyo sasa ndiye mchawi mwenyewe.

Kiungo Mkabaji: Wangu naye yuleyule! Nikizima sauti anapiga ukuta kwa kiatu.

Jirani Mwema: Kiatu cha kushoto au cha kulia? Maana wangu akipiga cha kushoto tunafungwa.

Beki Tatu: Mods naomba huu uzi ubandikwe juu, watu wa cha kushoto ni wengi.