Programu ipi nzuri ya kuongeza sauti ya pili kwenye video bila kurenda upya?

Sikio_Moja:
Habari zenu wakuu. Nina video ya mafunzo, MP4, dakika kama 100 hivi, sauti yake ni Kiingereza. Mimi na jamaa yangu tumerekodi maelezo yote kwa Kiswahili na nataka yaingie humohumo kama chaguo la pili, yaani mtu akifungua achague mwenyewe lugha na ile ya zamani isifutwe. Nimejaribu na programu ya kuedit niliyonayo, imekula masaa matatu kurenda (yaani kuitengeneza video yote upya), laptopu inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu mwisho wa siku sauti zote mbili zinaongea kwa mpigo kama watu wanaogombana 😂. Naona watu wanataja MKVToolNix, FFmpeg, Avidemux, HandBrake... nishike ipi?

nusu_gigi:
Hiyo ya kuedit achana nayo kwa kazi hii. Hizo nyingi zinachanganya kila kitu kuwa sauti moja wakati wa kueksipoti, na picha inabanwa upya wakati haikuwa na kosa lolote. Wewe hutaki kupika upya, unataka kufungasha tu. HandBrake nayo iondoe kwenye listi, kwanza lazima irenda picha, pili haipokei faili la sauti la pembeni kabisa. Watu wanaitaja kwa mazoea tu.

Chukua MKVToolNix, ya bure. Unaburuta video, unaburuta sauti, unaandika lugha ya kila sauti, unachagua ipi iwe ya difolti, unabonyeza kuanza. Inakopi tu haigusi picha, kwa hiyo ni dakika chache na ubora unabaki uleule. Ubaya wake ni mmoja, haitoi MP4, inakupa MKV, aina nyingine ya faili la video.

Bibi_Kodeki:
Na huo ubaya mmoja si mdogo mjukuu wangu 😄. Muulize kwanza hao watazamaji wanatumia nini. Kicheza video cha iPhone chenyewe hakifungui MKV, QuickTime ya Mac pia hivyohivyo, mpaka waweke VLC, kile kicheza video cha bure. Kama watu wako wana vifaa mchanganyiko, baki kwenye MP4, na hapo Avidemux au FFmpeg ndo zinakufaa. Avidemux ina vitufe vya kubonyeza, picha unaiacha kwenye kopi, unaongeza sauti ya pili, unachagua MP4, unasevu. Sura yake ya kizamani lakini kazi inafanya.

mzee_wa_terminali:
Mnazunguka tu. FFmpeg, ile ya kuandika komandi, mstari mmoja:

ffmpeg -i video.mp4 -i kiswahili.wav -map 0 -map 1:a -c copy -c:a:1 aac -metadata:s:a:1 language=swa mpya.mp4

Hizo -map ndo roho ya mambo, zinaiambia ichukue nini kutoka faili lipi, usipoziweka inachagua sauti moja tu na kuitupa nyingine, halafu unakuja hapa kulalamika. Hiyo -c:a:1 aac ni kwa sababu WAV (sauti isiyobanwa) haikai vizuri ndani ya MP4, kwa hiyo sauti mpya peke yake ndo inageuzwa kuwa AAC (sauti iliyobanwa), picha na sauti ya zamani zinakopiwa kama zilivyo.

nusu_gigi:
Sio kila mtu ana roho ya kukaa na skrini nyeusi mzee. Kama anaogopa komandi kuna LosslessCut, ndani yake ni FFmpeg hiyohiyo ila imevalishwa nguo. Unafungua video, unaleta faili la sauti, inakuuliza uliongeze kama treki (sauti ya pili ndani ya video) au ufanye nini.

Sikio_Moja:
Nimerudi. Nimetumia ya mzee, sekunde kadhaa tu imeisha, sikuamini. LAKINI sauti inaanza sawa kabisa, ikifika dakika ya kumi Kiswahili kimeshatangulia, ikifika katikati mimi naeleza kitu ambacho hakijaonekana bado. Nimejaribu kuichelewesha kwa MKVToolNix, mwanzo unaharibika mwisho unakaa.

Bibi_Kodeki:
Mlirekodi mkiangalia kopi hiihii?

Sikio_Moja:
Mmh hapana, jamaa alikuwa na kopi yake. Nimeangalia sasa hivi, ya kwake fremu (picha) 25 kwa sekunde, yangu 23.976.

Bibi_Kodeki:
Basi ndo hapo. Ya kwake inakimbia zaidi kwa karibu asilimia 4, kwa dakika 100 hiyo ni tofauti ya kama dakika nne. Kuchelewesha kunatibu sauti iliyopishana kwa kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho, hii yako inazidi kuachana kila dakika.

nusu_gigi:
Si kuna sehemu ya kunyoosha palepale MKVToolNix, chini ya kuchelewesha? Weka 25/23.976.

mzee_wa_terminali:
Hapana!! Maelezo yao wenyewe yanasema hiyo ni ya picha na subtaito, kwa sauti isitumike. Inabadilisha alama za muda tu, sauti yenyewe hainyooki. Nyoosha faili la sauti kwanza:

ffmpeg -i kiswahili.wav -filter:a atempo=0.95904 kiswahili2.wav

Hiyo namba ni 23.976 kugawa kwa 25. Inapunguza kasi bila kufanya sauti iwe nzito. Ukipenda vitufe, Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina sehemu ya kubadili tempo, ila usiguse ile ya kubadili kasi, itakufanya uongee kama umetoka usingizini.

nusu_gigi:
Sawa mzee, hapo nimekubali. Basi ikibaki tofauti ndogo, fungua kwa VLC, bonyeza J au K mpaka midomo ikae, inasogea milisekunde 50 kila ukibonyeza. Namba utakayoiona ndo hiyohiyo unaiandika kwenye kuchelewesha.

Sikio_Moja:
IMEKAA!! Kulikuwa na milisekunde 150 tu za kurekebisha. Sasa nikifungulia kwenye brauza nasikia Kiingereza tu, Kiswahili kimepotea wapi tena?

Bibi_Kodeki:
Hakijapotea. Brauza nyingi hazina kitufe cha kubadili sauti, zinacheza ile ya difolti. Fungua kwa VLC ubonyeze B utakiona. Wale wa kwenye brauza watengenezee faili lingine lenye Kiswahili peke yake, weka -map 0:v -map 1:a badala ya zile -map za mzee, na kwenye -c:a:1 na -metadata:s:a:1 geuza hiyo 1 ya mwisho iwe 0, maana sauti imebaki moja.