Mrejesho: programu ya duka iliyokuwa ikimaliza RAM

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilieleza kuwa programu niliyomwandikia mjomba kwa PyQt (zana ya kutengeneza programu zenye madirisha kwa lugha ya Python, juu ya Qt iliyoandikwa kwa lugha ya C++), ya duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, asubuhi inaanza na MB 90, ikifika alasiri imevuka GB 1 na kompyuta inaganda, wateja wamesimama kaunta.

Mchawi nimempata. Nilianza na tracemalloc, zana ya Python ya kufuatilia memori, ikanipotezea siku mbili, kwani inahesabu memori inayotengwa na Python tu. Wijeti za Qt, yaani madirisha, vitufe na kadhalika, zinaishi upande wa C++, ambako haioni. Ndipo nikafuata ushauri wa aliyeniambia nifungue na kufunga dirisha moja mara 100 huku naangalia namba ya memori inayotumika. Dirisha la risiti! Kila likifungwa, MB 4 zinabaki palepale.

Kumbe kwenye Qt kufunga dirisha, kwa kawaida yake, ni kulificha tu. Nami nililifanya dirisha kuu kuwa mzazi wa kila risiti, na mtoto, asipoamriwa kufutwa, hubaki mpaka mzazi afutwe. Uzito wenyewe ulikuwa picha ya nembo ya duka, iliyopakiwa upya kila risiti. Nimeweka WA_DeleteOnClose, agizo la kufuta dirisha kabisa likifungwa, nikafuta na ile orodha niliyokuwa nikihifadhia madirisha ya zamani. Nembo sasa inasomwa mara moja.

Jana, tangu kufungua duka hadi Magharibi, haikuvuka MB 130. Nimefurahi mno. Uliyenipa lile jaribio la mara 100, Allah akulipe kheri.