Pikapu gani ya kuvuta trela ya kempingi? Muuzaji anasema F-150 inatosha ila roho inasita

BabaNeema_Aurora:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mi niko huku Colorado, Aurora, nina mke na watoto watatu, na mwaka huu tumeamua tuachane na tenti maana mwaka jana tulinyeshewa usiku kucha mpaka watoto wakaishia kulala kwenye gari letu la Sienna. Trela tumeshapata, ya futi 26, ina vitanda vya dabo deka vya watoto, karatasi yake inasema ikiwa tupu ni paundi 5,650 na mwisho wa kujaza ni 7,400.

Shida sasa ni gari la kuvutia. Nimeenda kwa dila mmoja (muuza magari) nikaoneshwa Ford F-150 Platinum, lile toleo la kifahari, injini ya turbo 3.5 EcoBoost, 4x4, paa lote kioo, viti vinakukanda mgongo, jamaa ananiambia hii inavuta 13,000, hiyo trela yako mchezo wa watoto. Mama Neema kaipenda hatari. Ila kuna vitu sivielewi kabisa, mara ekseli 3.55 mara 3.73, mara bodi (kule nyuma kwa mizigo) fupi mara ndefu, mara kifurushi cha kuvuta. Na sisi tunapanda sana I-70, ule mlima wa kwenda Silverthorne. Naombeni ushauri kabla sijasaini, natanguliza shukrani.

kijana_wa_ilala:
Mkuu 13,000 toa 7,400 inabaki chenji kibao, unajitesa bure. Vuta chuma hicho.

MzeeWaHaiwei:
Kijana wacha kupotosha watu. Boss, mimi naendesha malori ya magurudumu 18 huku Marekani, huu ni mwaka wa tisa, na nina trela yangu ya familia pia. Hiyo 13,000 ni ya brochure, hupimwa na gari iliyobeba dereva na abiria mmoja tu, si yako ikiwa na bibi na watoto na cooler. Pikapu ndogo huwa haishindwi kuvuta, hushindwa KUBEBA. Trela haifuati nyuma tu, pua yake inalalia mpira wa gari lako, na kwa hizi trela za kulala hiyo pua ni asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote. Huo uzito unahesabiwa kama umeuweka kwa bodi.

Enda kwa hiyo Platinum, fungua mlango wa dereva, pale kwa nguzo kuna stika nyeupe na manjano imeandikwa watu na mizigo wasizidi paundi ngapi. Leta hiyo namba hapa. Usiulize muuzaji, soma mwenyewe.

BabaNeema_Aurora:
Mkuu nimerudi jioni dila kumeshafungwa nimemulika kwa tochi ya simu kupitia kioo sioni kitu, mlinzi akaanza kuniangalia vibaya nikaondoka 😂 Leo asubuhi nimeenda tena. Stika inasema 1,428.

MzeeWaHaiwei:
Haya kaa chini tupige hesabu. Trela yako usiihesabu na 5,650, hakuna mtu hulala kwa trela tupu. Weka sufuria, matandiko, chakula, maji (galoni moja ni zaidi ya paundi 8, tanki ya galoni 40 ni 330 na kitu), mitungi miwili ya gesi pale mbele na betri, unafika 7,000 ukiwa bado unasema nimebeba kidogo. Chukua asilimia 13, hiyo ni 910. Wewe na bibi na watoto?

BabaNeema_Aurora:
Mi 210, mama 170 (asione hii), watoto wote watatu 215.

MzeeWaHaiwei:
595. Ongeza zile hichi (hitch, chuma cha kuungia trela) zenye vyuma viwili vya kugawa uzito, hiyo peke yake ni kama 90. Weka 100 ya vitu vya bodi, viti, kuni, jeki. Jumla 1,695, na stika yako ni 1,428. Umezidisha paundi 267 kabla hamjatoka Aurora. Na dereva pia amo kwa hiyo namba ya stika, wengi hudhani hayumo.

kijana_wa_ilala:
Daah. Nafuta kauli.

Fundi_FortWorth:
Mzee kaua. Hapo ndipo watu wengi wanapigwa, gari likiwa na mbwembwe nyingi ndivyo stika inavyoshuka, paa la kioo, mota za viti, rimu za inchi 20, vyote ni uzito na vyote vinakatwa kwenye fungu lako. F-150 hiyo hiyo injini hiyo hiyo ikiwa XLT, toleo la kawaida la viti vya kitambaa, unaweza ukaipata inasoma 1,800 au 1,900. Kila gari lina stika yake, hata mbili zilizopaki jirani za rangi moja hazifanani.

Mimi lakini ningesema ruka ukachukue Ram 2500 ya Cummins, ile dizeli, umalize ubishi.

MzeeWaHaiwei:
Diesel tamu, lakini hiyo injini ni chuma kizito, unapata 2500 ya diesel stika inasoma kama 2,000 hivi, na ile ya petroli inakaribia 3,000. Mtu ananunua lori kubwa kwa bei ya nyumba anapata nafasi karibu sawa na XLT. Kama anaenda daraja hilo basi F-250 ya petroli ile 7.3, inakunywa lakini inabeba. Kwa trela ya 7,000 na safari za wikendi sioni haja.

Fundi_FortWorth:
Sawa hapo sibishi sana, ingawa kushuka mlima na breki ya injini ya diesel ni raha ambayo huwezi kuelezea mtu. Turudi kwa maswali yake.

Injini: kwa Colorado shikilia turbo. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda futi 1,000, na pale handaki la Eisenhower kwenye huo mlima wako wa I-70 ni zaidi ya futi 11,000, kwa hiyo ile 5.0 V8 yenye mngurumo mzuri ikifika pale imeshaacha karibu theluthi ya farasi wake njiani. 3.5 EcoBoost inapumua vizuri.

Ekseli: hizo namba ni uwiano wa gia za ekseli, 3.73 inavuta kwa wepesi zaidi, 3.55 inabana mafuta zaidi kidogo ukiwa mtupu. Kwa giaboksi ya gia 10 tofauti siyo kubwa kama watu wanavyogombana, usikose usingizi. Bodi ndefu ya futi 6 na nusu nzuri kwa sababu gari linakuwa refu, inchi 157 kati ya tairi ya mbele na ya nyuma badala ya 145, likiwa refu upepo haulichezei. Usumbufu ni kupaki tu.

Ambacho huruhusiwi kukosa ni kontrola ya breki za trela iliyotoka kiwandani, soketi ya pini 7 ya kupeleka umeme wa taa na breki kwenye trela, na vioo virefu vya kutokeza nje, maana trela ni pana kuliko gari na kwa vioo vya kawaida utakuwa unaona ukuta wa trela tu. Tanki kubwa la galoni 36 lichukue, ukiwa unavuta tegemea maili 9 au 10 kwa galoni na kuingia kituo cha mafuta na futi 26 nyuma siyo starehe.

mamatwins_MN:
Naomba niongeze hapo kwenye kontrola ya breki maana ndiyo imefanya niwe hapa naandika. Tulikuwa I-80 Wyoming, upepo wa pembeni, trela ya futi 24. Aliyetuuzia alitufungia hichi mwenyewe akasema iko poa, na sisi kwa ujinga wetu tulikuwa tumefunga baiskeli nne kule nyuma kabisa na makula yote yako kabati la nyuma. Kumbe tumeipunguzia pua uzito. Lori likatupita, trela ikaanza kutikisa mkia, kidogo, halafu kubwa, halafu usukani ukawa hausikii, watoto nyuma kimya kabisa, kimya kile ambacho unajua wameelewa. Mume wangu akataka kukanyaga breki nikampigia kelele USIKANYAGE, maana nilishaona video, nikanyoosha mkono nikabana ile swichi ya breki za trela peke yake, yeye akaachia mafuta taratibu. Ikanyooka. Tulipaki pembeni nusu saa hakuna aliyeongea.

Kwa hiyo mzigo mzito weka mbele kidogo ya tairi za trela, na swichi hiyo mjue iko wapi WOTE WAWILI kabla ya safari. Pia tairi za trela, baadhi mwisho wake ni maili 65 kwa saa, angalia ubavuni.

Tembo_Arusha:
Nawasoma tu. Huku kwetu tunafunga tenti juu ya keria ya Land Cruiser tunalala, asubuhi nyani anakuangalia. Trela ya dabo deka mmeitoa wapi nyie 😂

BabaNeema_Aurora:
Mrejesho wakuu. Platinum nimeiacha, muuzaji kanuna. Nimezunguka dila nne na tochi yangu, nimepata XLT ya mwaka juzi, 3.5, bodi ndefu, ekseli 3.55, kontrola ipo, vioo vipo, stika 1,912. Mama Neema hajanisemesha siku mbili kisa paa la kioo, nimemuahidi kiti cha kukanda mgongo nyumbani.

MzeeWaHaiwei:
Poa sana. Sasa pakia kila kitu na watu wote, enda truck stop yoyote yenye CAT Scale, ile mizani ya malori, ni dola kumi na kitu. Tairi za mbele kwa sahani ya kwanza, za nyuma ya pili, trela ya tatu. Bonyeza kitufe, ongea, chukua karatasi ndani.

BabaNeema_Aurora:
Mzee nimetoka huko sasa hivi. Mbele 3,060, nyuma 3,680, trela 6,100. Gari jumla 6,740 na mwisho wake ni 7,050, kwa hiyo nimebakiwa na 310. Nyuma yangu kulikuwa na malori matatu yanasubiri, jasho linanitoka, sauti ya mdada kwenye spika inaniuliza kampuni gani. Nikakosa la kusema nikajibu Mama Neema. Na kwenye risiti wameandika hivyo hivyo.