Nimelipia meli ya kitalii, nikavalishwa joho la kuogea lenye risiti ya mtu mwingine mfukoni!

Wakuu, salaam. Nimeshuka melini jana asubuhi pale Galveston, sanduku bado halijafunguliwa, lakini nisipoliandika hili nitapasuka.

Mimi na baba watoto tumetimiza miaka 20 ya ndoa. Tunaishi Houston, bandari ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, tukasema badala ya kufanya shughuli, ulishe watu halafu wakifika makwao waseme pilau lilikuwa bokoboko, tupande meli. Siku 5: Cozumel na Progreso huko Mexico, unarudi. Tukajibana, tukachukua chumba chenye kibaraza. Kwenye matangazo yao kuna mama kavaa joho jeupe la taulo, kikombe mkononi, anaitazama bahari. Tusidanganyane, mimi nililipia ile picha.

Tumeingia, kitanda kimenyooka, taulo limekunjwa umbo la tembo, majoho mawili yananing'inia kabatini na mikanda imefungwa fundo zuri. Nikamwambia mzee, leo tumefika.

Siku ya pili jioni natoka kuoga, nalivaa langu, natia mikono mifukoni. Mfuko wa kulia: tishu iliyotumika, imekauka kama ng'onda. Wa kushoto: karatasi. Naikunjua, ni risiti ya baa ya humo humo melini. Vinywaji viwili, namba ya chumba ni hii yetu, tarehe ni ya siku 4 kabla hatujapanda, na sahihi ya mtu nisiyemjua. Nikalivua kama lina siafu. Kuligeuza kola, nakuta poda ya uso imeganda, rangi ambayo mimi na weusi wangu huu siwezi kusingiziwa.

Wataalamu wa kufua mko humu. Karatasi ya risiti ikipita kwenye mashine, unaikuta bado inasomeka?

Na msinichukulie kama mgeni anayejidai kuwa na pua ndefu. Kabla ya kuja huku nilifanya usafi wa vyumba miaka 6 kwenye hoteli moja Nungwi. Supavaiza wetu, Mmakunduchi mmoja mkali kama pilipili kichaa, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mgeni akitoka, chochote cha kitambaa kinatoka naye. Shuka, foronya, taulo, kizulia cha bafuni, joho. Liwe limevaliwa au bado lina mkunjo wa pasi, linakwenda kwa madobi. Na kabla halijaingia kwenye kapu, mifuko ageuze yeye mwenyewe mbele yako. Tulikuwa na siku bomba halitoi hata tone, tunasubiri boza, na majoho yakafuliwa. Hawa wana mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji baridi, wana kiwanda kizima cha kufulia huko chini kisicholala, wanashindwa nini?

Basi usiku ule ule nikaamsha ushamba wangu, nikafumua kitanda. Shuka ni safi, lina harufu ya kufuliwa, haki yao nawapa. Nikalivua. Kinga ya godoro chini yake ina doa la kahawia ukubwa wa kisahani cha chai, na unywele mrefu wa rangi ya dhahabu umelala juu yake kama uko kwao. Nikamulika mishono ya godoro kwa tochi ya simu; kunguni hakuna, alhamdulillahi. Na kile kitambaa cha rangi wanachotandaza miguuni pa kitanda, ambacho kila abiria anaweka juu yake sanduku lililoburuzwa bandarini, sikukigusa kwa mkono mtupu. Nilikibeba na mfuko wa plastiki nikakitupa kibarazani.

Nikashuka mapokezi na risiti yangu. Foleni dakika arobaini. Dada anatabasamu meno yote, ananiambia majoho hufuliwa "yanapoonekana yametumika". Nikamuuliza yanaonekana na nani. Akanipa kuponi ya chupa ya mvinyo. Mimi, na ushungi wangu kichwani, napewa mvinyo!

Kilichoniuma zaidi ni yule kijana wa chumba chetu, Muindonesia, umri wa mwanangu wa kwanza. Kaja mbio, kaona risiti, uso ukamshuka. Kaleta majoho mengine, bado yana joto la mashine, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nisimtaje kwenye fomu ya maoni ya mwisho wa safari, kwamba alama ikipungua kidogo tu kwake ni kesi. Nikamuuliza ana vyumba vingapi. Kumi na nane. Siku ya kubadilisha abiria, wa mwisho wanaondoka kwenye saa 4 asubuhi, na kabla ya saa 6 mchana wapya wameshaanza kupanda. Nimefanya kazi ile, najua hesabu yake. Hapo mtu anachagua: anatandika kitanda kinachoonekana, au anageuza mfuko usioonekana. Sikumwandika. Niliwaandika mabosi wake, ukurasa mzima.

Maana pesa wanachukua. Tipu tu, dola 16 kwa kichwa kwa siku, inakatwa yenyewe. Sisi wawili siku 5 ni dola 160. Halafu bafuni wamebandika kadi: tumia taulo tena, okoa bahari. Bahari gani inaokolewa kwa mimi kuvaa jasho la mtu?

Na hili si suala la kinyaa peke yake. Virusi vya norovirus, vile vya kutapika na kuhara, melini ni hadithi ya kila mwaka. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huweka hadharani safari ambazo abiria au wafanyakazi wanaofikia 3% wameripoti kuugua tumbo. Mlangoni kwa chakula wanakunyunyizia dawa ya mikono ya spiriti, wakati virusi hivyo spiriti haiviwezi sawasawa, vinataka sabuni na maji ya kutiririka, na vinaweza kukaa juu ya vitu kwa siku kadhaa. Sasa niambieni, abiria akishikwa na tumbo saa 8 usiku, anakimbilia chooni amevaa nini? Si joho? Ndilo hilo analoning'iniza kabatini asubuhi yake.

Msiniambie "CDC wanakagua". Najua. Wanazuka bila taarifa, wanatoa alama kwa 100, ukipata 85 kushuka umefeli. Meli yetu imefaulu vizuri tu, nimeangalia. Ila sijaona alama ya mfuko wa joho.

Na wale wa "unapanda meli halafu unalalamika", nawasubiri. Nimewahi kulala kwenye meli ya Mwanza–Bukoba nimejifunika khanga zangu mwenyewe, na sikulalamika, kwa sababu hakuna aliyeniahidi joho jeupe.

Mliosafiri na meli hizi, hebu semeni: mmewahi kugeuza mifuko? Na kuna aliyewahi kurudishiwa hata senti kwa jambo kama hili, au wote mliishia kwenye kuponi?

Picha ya risiti naiweka nikishaifuta sahihi ya mwenyewe. Ya joho la mzee sina. Lake alilivaa tangu saa ya kwanza tulipoingia, akalala nalo, akanywea chai kibarazani asubuhi kama yule mama wa kwenye tangazo. Nilipomwambia naye atie mkono mfukoni alikataa, na mpaka sasa hataki tulizungumze.