Tupeane uzoefu: Ni upungufu gani ulioamua sura ya filamu yako?

Mleta mada (mwongozaji):
Wanafilamu wenzangu, nawaomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu filamu huru, yaani zile zinazotengenezwa bila kampuni kubwa ya kulipa gharama, na hasa filamu za kutisha na za kubuni za kisayansi, ambazo hadithi zake hudai vitu tusivyo na uwezo wa kuvinunua. Kila mtu ataje kitu alichokikosa, aeleze alifanya nini, kisha aseme mtazamaji aliona nini.

Naanza mwenyewe. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na kiumbe anayetoka kisimani, nasi tulimtengeneza kwa wiki sita kwa kutumia sponji, waya na mpira laini. Siku ya kupiga picha, taa zilipomwangukia, kila mtu kwenye seti aliona sponji. Tulikuwa na usiku mmoja tu uliobaki wa kutumia eneo lile. Nilikumbuka habari inayosimuliwa kila mara kuhusu filamu ya Jaws ya mwaka 1975, ambayo papa wake wa mitambo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, hata mwongozaji wake, Steven Spielberg, akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu. Wengi huishia hapo na kusema kwamba kisichoonekana hutisha zaidi. Mimi naona funzo lake ni gumu kuliko hilo, kwa sababu papa alipokuwa hayupo kwenye picha, mapipa ya manjano yaliyofungwa kwenye mwili wake yalikuwa yakikimbia juu ya maji, na macho ya mtazamaji yalikuwa na kitu cha kufuata. Kuficha peke yake huacha picha tupu. Lazima kiwepo kitu kidogo kinachobeba uzito wa kile kilichofichwa.

Usiku ule tulimweka kiumbe wetu pembeni, tukaifanya kamba ya ndoo kuwa kiumbe. Mtu mmoja alishuka ngazi chache ndani ya kisima, akaivuta polepole mpaka ikakazana, kisha akaiachia. Hakuna kingine kilichobadilika katika skripti, na ile kamba ndiyo ambayo watazamaji huniuliza mpaka leo.

Fundi sauti:
Nakushukuru kwa kuanzisha jambo hili. Kwangu upungufu ulikuwa ukimya. Tulipiga filamu ya watu watatu waliojifungia ndani ya nyumba, na nyumba tuliyopewa ilikuwa na jokofu lililounguruma nyuma ya kila mazungumzo. Nililizima, nikaweka funguo za gari langu ndani yake ili nisiweze kuondoka usiku bila kuliwasha tena. Mafundi wengi wa sauti hufanya hivyo, na nawashauri vijana wauchukue utaratibu huu. Jenereta ya taa, hata hivyo, haikuzimika, na kebo yetu ilikuwa fupi mno kuipeleka mbali. Karibu nusu ya maneno ya waigizaji yalipotea.

Miezi minne baadaye tuliwaita waje kurekodi maneno yao upya. Mwigizaji mkuu alisimama mbele ya maikrofoni akayasoma vizuri, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. Nilimwomba akimbie papo hapo kwa dakika moja kabla ya kila sentensi, na pumzi ikarudi. Tatizo la pili lilikuwa midomo, ambayo mara nyingi haikulingana na sauti mpya. Mwongozaji Robert Rodriguez alikutana na tatizo la namna hiyo katika El Mariachi, filamu iliyopigwa kwa takriban dola 7,000 na kuonyeshwa mwaka 1992. Kamera aliyoazima ilikuwa na kelele, akawa anarekodi maneno kando baada ya kupiga picha, na kila midomo ilipoanza kuachana na sauti alikata akaenda kwenye picha nyingine. Kasi ya uhariri ambayo watu huisifu ilianzia hapo kwa sehemu kubwa. Nasi tulikata hivyo hivyo, tukaonyesha uso wa msikilizaji badala ya msemaji, na ikatokea kwamba katika hadithi ya watu wanaoshukiana, uso wa anayesikiliza una mengi zaidi.

Ombi langu kwa waongozaji ni dogo. Kabla ya kuhama chumba, tupeni dakika moja ambayo hakuna anayesogea, turekodi ukimya wa chumba hicho. Bila huo, kila mahali mhariri anapokata patasikika.

Msanii wa vipodozi:
Nitakuwa mfupi. Waliotengeneza Night of the Living Dead, filamu ya kutisha iliyotoka mwaka 1968, walitumia sharubati ya chokoleti kuwa damu, na kwa kuwa filamu haikuwa ya rangi, hakuna aliyetambua. Sisi tunaopiga kwa rangi huchanganya sharubati nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kupunguza mng'ao. Mchanganyiko huo ni rahisi, lakini hautoki kwenye nguo. Tulikuwa na mashati matatu yanayofanana, kwa hiyo tulikuwa na nafasi tatu za kulipiga tukio la kisu. Mwongozaji aliyejua idadi hiyo asubuhi alifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na kamera ikiwa imezimwa, akamaliza kwa mashati mawili.

Mwigizaji:
Naomba nizungumzie jambo ambalo kwa waigizaji si dogo. Bajeti inapokuwa ndogo, baadhi ya waongozaji hutafuta hofu ya kweli kwa kumficha mwigizaji kitakachotokea. Nilifanyiwa hivyo katika filamu yangu ya pili. Mlango ulipigwa teke nyuma yangu bila mimi kujua, nikapiga kelele, wote wakafurahi. Kisha wakageuza kamera, kwa sababu ilikuwa moja tu, wakaniomba nifanye tena kutoka pembe ya pili. Sikuwa nimejiandaa. Sikujua pumzi yangu ilikuwa wapi wala mkono wangu uliinuka lini, kwa kuwa mwili ulikuwa umejibu wenyewe. Tulirudia mara kumi na moja, na picha mbili hazikulingana kamwe.

Kushtuka hutokea mara moja. Hofu ninayoijenga mwenyewe naweza kuirudia mara ishirini, nikaianza kwenye neno lile lile, na mhariri akapata vipande vinavyoungana. Kazi yangu ni hiyo, na mwenye kamera moja anaihitaji kuliko mwenye kamera nne. Tangu siku ile siku zote huuliza kabla ya kukubali kazi: je, kuna chochote mtakachonificha?

Mtayarishaji:
Sisi tulikosa karatasi. Rafiki alitupatia wimbo kwa mdomo, mhariri akakata tukio zima la kufukuzana kwa mapigo yake, na msambazaji alipotaka uthibitisho wa haki ya kila kitu kilichomo, rafiki yule alikuwa amekwisha kusaini kuwapa wengine haki ya wimbo ule. Tuliuondoa. Tukio likapoteza mwendo, ikatubidi kulihariri upya kuanzia kipande cha kwanza cha picha, kazi iliyotuchukua wiki tatu.

Filamu aliyoitaja msanii wa vipodozi ilipata hasara kubwa kuliko yetu. Jina lake lilibadilishwa kabla ya kuonyeshwa, na tangazo la hakimiliki lililoandikwa pamoja na jina la zamani halikuwekwa upya. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo liliifanya iwe mali ya umma, na kila aliyetaka aliinakili na kuiuza. Wekeni sahihi kabla ya kuwasha kamera, hata kwa mtu anayepita nyuma kwa sekunde mbili.

Mleta mada:
Dada mwigizaji, maneno yako yamenikaa. Usiku wa kisima sikumwambia mwigizaji wangu kwamba kamba itavutwa. Nilipiga uso wake mara moja, kisha nikaikosa pembe ya pili kwa sababu hiyo hiyo uliyoieleza, na kwa miaka yote nilidhani tatizo lilikuwa mwanga. Ningefanyaje?

Mwigizaji:
Ungemwambia kamba itavutwa, na mngekubaliana kwamba hutamwambia ni sekunde ipi. Angejua wapi pa kuweka pumzi, na bado angelazimika kungoja. Kungoja kule kungeonekana usoni, na angeweza kukufanyia tena kutoka pembe yoyote uliyotaka.